Magoti ya Bibi na Maji ya Uvuguvugu

Harufu ya mabua makavu iliyochanganyika na petroli ndiyo inayonirudisha kule chini tambarare, mwaka niliokuwa darasa la tano. Baba Festo, jirani yetu hapa Kilema, alikuwa amechoshwa na bei ya kahawa akanunua pikapu ya mtumba, na kila Jumamosi alishuka nayo kufuata mabua ya ng'ombe. Jumamosi moja Bibi alimwomba atupitishe kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu, maana magoti yake yalikuwa hayakunjiki tena, na kanisani wenzake wakipiga magoti yeye alibaki amesimama. "Nikipiga honi ya tatu naondoka," Baba Festo alisema. "Ng'ombe hawajui kusubiri."

Tulipita vumbi na miiba tupu, halafu ghafla miti mirefu na maji ya kijani, angavu mpaka chini. Bibi aliingia na kanga yake, akakaa kwenye mzizi, akafumba macho. Mimi sikuingia. Nilizunguka tu, nakaa, nasimama, masikio yote barabarani. Honi ya kwanza ilipolia, Bibi ndiyo kwanza alikuwa amekunja goti la kulia. "Bado la kushoto," alisema bila kufumbua macho. "Nenda kamwambie."

Mimi, niliyeshindwa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani! Kwetu anayeomba radhi hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na anayepewa hakatai. Kule porini isale haioti. Honi ya pili ilinikuta nakata jani la ukindu. Nililifunga fundo, nikampelekea Baba Festo kwenye gari huku nikitazama viatu vyake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Isale."

"Mae! Hili ni la kusukia mkeka!" Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Bibi yako ndiye kakutuma nalo?"

"Hapana. Ni mimi tu. Bado hajakunja goti la kushoto."

Akaacha kucheka, akazima gari. "Haya. Mwambie akunje na la kushoto."

Kesho yake kanisani Bibi alipiga magoti.

Sasa niko kidato cha tatu, na magari yanayoshuka kule ni mengi, hata watalii wanapelekwa. Magoti ya Bibi yamekaza tena. Likizo iliyopita aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama Baba Festo bado anashuka Jumamosi. Nilimjibu sijui. Nilikuwa nimemwona asubuhi hiyohiyo, anafunga kamba kwenye pikapu, nikainamisha kichwa nikapita. Zamani nilidhani aibu ni kitu ambacho mtoto hukua akakiacha. Yangu imekua pamoja nami.