Mguu wa Mjomba Sumaili Juu ya Freni

Kabla sijakusimulia siku ile, mwanangu, sikia kwanza walivyosema watu wa Kasongo nilipoondoka kwenda Elisabethville kusoma ufundi wa magari. Walisema mtoto wa mkulima wa pamba hawezi kufungua injini, labda atafungua mdomo tu. Walisema nitarudi na kikohozi na shati la kuazima. Nilirudi na diploma, na ruhusa ya kuendesha magari makubwa, na sanduku la funguo za nati ambalo mtu mmoja hakuweza kulishusha peke yake. Diploma ile iko ukutani nyuma yangu. Ukiingia humu ndani utaiona kabla hujaniona mimi, na sioni haya kusema hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa pamba, wakati wa Wabelgiji. Mjomba wangu Sumaili, ndugu wa mama, alikuwa shofere wa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye aliyenifunza kupenda harufu ya mafuta. Alikuwa amebadilisha mipira ya freni za nyuma, na lori lilikuwa uani kwake likingoja freni zitolewe hewa ndipo liende Kabambare. Akina mama waliotaka kusafiri nalo walikwisha kukaa juu ya magunia yao, wanatafuna karanga na kutucheka. Walikuwa na haki ya kungoja. Njia yao ilishuka mteremko wa mto Luama, na mwisho wa mteremko kuna mbao za kupandia pantoni, na baada ya mbao ni maji.

Freni za lori lile zilifanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mirija. Hewa ikiingia humo, pedali inazama chini ya mguu kama umekanyaga tope, na gari halisimami. Namna za kuitoa hewa hiyo nyumbani, bila garaji, nilizijua zote. Unaweza kulegeza skrubu ya gurudumu na kuyaacha mafuta yadondoke yenyewe, wewe ukiongeza mengine juu. Ni kazi ya mtu mvumilivu, na hewa iliyojificha kwenye kona za mrija hubaki humo humo. Unaweza kuvisha skrubu mpira mwembamba, ncha yake ukaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta, kisha ukakanyaga pedali taratibu. Mguu ukirudi, unavuta mafuta ya chupa wala hauvuti hewa. Hiyo anaiweza mtu mmoja, mradi chupa isianguke na skrubu isilegezwe mno.

Mjomba alijua moja tu, ile ya watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine yuko chini anafungua skrubu, anafunga, ndipo anamwambia wa juu aachie. Mashofere wa zamani waliifanya kwa kuitikiana, kama watwangaji wanaopokezana mchi. Na desturi yao ilikuwa kwamba anayekaa kwenye pedali ni yule atakayeendesha, ili mguu wake uijue freni kabla ya njia.

Nilipotoa chupa na mpira, Mjomba aliwageukia akina mama.

"Muone muipwa wangu! Amesoma mpaka Elisabethville, anarudi kupiga gari bomba ya tumbo kama mutoto muchanga!"

Walicheka sana, maana kwa chupa na mpira ndivyo walivyowasafisha watoto tumbo. Nikaweka chupa kando, nikaingia chini ya lori na hasira zangu.

"Kanyaga!"

"Nimeshika!"

Nafungua, mafuta yanatoka na povu. Nafunga. "Achia!" Tena. Tena. Povu halikwisha. Nilikaza viungo vyote, nikapapasa mirija, sikuona pa kulaumu. Halafu nikaanza kuutazama mkono wa pedali, uliotokeza chini ya sakafu, jinsi unavyosogea, nikagundua kwamba mguu wa Mjomba ulikuwa unainuka kabla sijafunga. Haukungoja neno langu. Ulifuata mwendo wake wenyewe, kama mtu anayeimba wimbo alioukariri.

Hapo nilimjaribu. Nilisema kwa sauti ile ile ya kazi:

"Mujomba, bibi yako amekimbia na karani wa posta!"

"Nimeshika!" akajibu toka juu, kwa fahari yake yote.

Akina mama waliangua kicheko hadi mmoja akamwaga karanga zake. Mimi kule chini sikucheka. Nilikaza skrubu, nikauweka ufunguo chini.

Nilipotoka, Mjomba alikuwa bado ameshikilia pedali, anatazama vinywa vyao.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

Akanitazama usoni, kisha akautoa mguu polepole.

"Umejua," akasema.

Tulikwenda nyuma ya nyumba. Akaniambia ngurumo za injini zilianza kumla masikio tangu sijaenda shule. Alikuwa anasoma midomo. Mzungu akijua, atampeleka kwa daktari wa Leta, yaani wa serikali, na kitabu chake cha ushofere kitachukuliwa.

"Na miye bila kitabu ile niko nani, muipwa wangu?"

Nilimwambia freni nitazitengeneza, chupa haihitaji sauti ya mtu. Lakini pale Luama wenye pantoni hupiga kelele mbao zikiteleza, na shofere asiyewasikia anawapeleka wote majini.

Akanikemea, na maneno hayo ninayo hadi leo.

"Kusikia, sisikii. Lakini macho niko nayo. Ungetoka kule chini, uje mbele yangu, uniulize: Mujomba, unanisikia? Ningekujibu weye. Sasa nimejibu mbele ya watu, na wanacheka, na sijui nimejibu nini."

Nilirudi kwenye lori na chupa yangu. Nilianza na gurudumu la mbali, nikamaliza na la karibu na usukani, na kila nilipohama nilijaza mafuta juu. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Hakuna fundi wa Maniema wakati ule ambaye angeifanya vizuri zaidi, nasema bila kuficha. Na hakuna kazi niliyowahi kuimaliza kwa moyo mzito kama huo.

Mjomba alikuja, akaikanyaga mara moja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanipa ufunguo wa gari, akazunguka akaketi upande wa abiria. "Endesha weye," akasema.

Mteremko wa Luama ulipoanza, nilikanyaga, na lori likatii. Jicho langu likaangukia miguu ya Mjomba. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu, mahali pasipo na pedali yoyote, na haukuinuka mpaka gari liliposimama mbele ya mbao. Wenye pantoni walituita. Yeye hakugeuka.

Tuliporudi alikwenda mwenyewe kumwambia Mzungu. Lori likawa langu kuliendesha. Watu walipompita barazani wakamsalimu bila kujibiwa, walisema amepata kiburi kwa sababu ya muipwa wake mwenye diploma. Aliondoka duniani hivyo, na wengi hawakujua kwamba hakuwasikia.

Mwanangu, usichague namna ya kazi kwa sababu ni ya haraka, wala kwa sababu umeisoma. Mtazame kwanza unayefanya naye kazi, anaweza nini na nini kimemtoka. Ukiona mguu wa mkubwa wako unainuka kabla ya wakati, toka chini, simama mbele ya uso wake, uulize. Usimjaribu mahali watu wanapoweza kucheka.

Mungu akulindie masikio yako, akupe mguu unaosubiri, na siku utakapokuwa huwezi tena kuendesha, akupe mtu wa kukuuliza kwa upole.