Kopo la Ng'ara Mama

Naona haya hata kuianza hii, lakini Msambweni nzima washaijua, basi heri muisikie kwangu mwenyewe. Kazi yangu ni kupiga video za arusi, sasa siku moja nikajiona mjuzi, nikatengeneza filamu fupi ya kuyakejeli matangazo ya biashara, yale ya jipake hiki upendwe, kunywa kile uheshimiwe. Nikabuni mafuta ya uso, nikayaita Ng'ara Mama: mwanamke kanuniwa na mumewe, anajipaka, mara mume anamvutia kiti na kumtolea samaki miiba (hapo nilidhani watu watacheka mpaka walie).

Nikaionyesha ukumbini kwenye arusi moja. Hawakucheka. Nikauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Akanyanyuka mamake Mwanahamisi, yule msichana ambaye Ijumaa yake mjomba wangu alikuwa aende kuniposea.

"Mwanangu, hayo mafuta yauzwa wapi?"

Ningesema hayapo, yakaisha. Lakini mkwe mtarajiwa utamwaibisha mbele za watu? Nikajibu, "Hayauzwi, mama, limebaki kopo hili moja, chukua," nikampa lile lile la kwenye filamu, na ndani (Mungu anisamehe) mlikuwa na uji wetu wa asubuhi, na sukari yake, niliotia manjano ili ung'are.

Ijumaa nikamfuata mjomba, ingawa kwetu anayeposewa hubaki nyumbani, nikajibanza barazani kwao Mwanahamisi. Mama akatoka kumpokea, uso manjano tupu, nzi wamemzunguka, sisimizi wanampanda shingoni kwa foleni, naye anatabasamu, na mjomba anashindwa kumaliza hata salamu, nami nikaona posa yangu inazama, nikajitokeza na kuropoka: "Mama, nisamehe, hayo si mafuta, ni uji! Filamu ilikuwa inayacheka matangazo!"

Mumewe, mzee mkavu kwelikweli, akamsogelea, akavua kofia, akaanza kumfukuzia nzi taratibu.

"Mwongo wee!" mama akaniambia. "Wataka kuwauzia wageni wa hoteli za Diani peke yao. Huyu mzee lini alinisogelea hivi? Posa nimeikubali. Na mkaja wangu, haki yangu mimi mama, usiniletee pesa. Niletee makopo kumi."

Nimeoa, alhamdulillahi. Filamu ya kuwaonya watu sitengenezi tena, wallahi. Kila mwisho wa mwezi napika uji bila sukari, najaza makopo, na majirani wa mama mkwe washaanza kunipigia simu.