Loki ya Upande wa Kushoto

Sisi tuliokulia Mbagala wakati Chamazi bado ni mikorosho na mchanga, Jumamosi yetu ilianza kwa kutega sikio. Landrova ya baba ikikohoa mara tatu na kuwaka, ujue safari ya shamba ipo. Ikizidisha hapo, baba anafungua boneti, na watoto mnatafutiwa nguo za kufua. Magari yalikuwa matatu, la baba na mawili ya walimu wenzake, yote makuukuu, na yalifuatana kwenye mchanga na tope mpaka mashambani ng'ambo ya bonde. Watoto tulirundikwa nyuma juu ya magunia matupu, pua zimejaa dizeli na vumbi, meno yanagongana kila gari likiingia shimoni. "Shika chuma, usimshike mwenzio," baba alikuwa akitupigia kelele kutoka mbele. Tulishikana hivyo hivyo, na tukianguka tunaanguka wote huku tunacheka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku, na sikujifunza mbali. Baba, mwalimu wa hesabu aliyehamia kutoka Songea, alilifunga tairi la akiba kwa mnyororo na kufuli kubwa, na ufunguo wake aliuvaa shingoni mpaka kanisani. Kwetu kitu kikipotea, hakikuwa kimepotea. Kulikuwa na mtu. Mpaka leo nikipewa chai ugenini, nasubiri kwanza waliopewa kabla yangu wapige mafunda mawili matatu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Abuu, wa duka la jirani. Familia yao ina asili ya Kiarabu, na walikuwa wakiuza mchele na mafuta ya taa pale kabla sisi hatujahamia. Mama yake alimfungia sambusa kwenye gazeti, tunazila njiani zikiwa bado na moto. Nilikuwa na hakika kwamba yenye nyama nyingi alikuwa akiigeuzia upande wake. Sikuwahi kumkamata, lakini nilimchunga kila Jumamosi.

Mimi na Abuu tulikuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyotupa heshima mbele ya watoto wengine. Magari yale, katikati ya kila tairi la mbele, yalikuwa na kidude cha mviringo tulichokiita loki. Mkifika kwenye tope, lazima watu washuke wakazizungushe loki zote mbili kwa mkono. Moja ikibaki wazi, matairi ya mbele hayavuti kabisa, gari linazama. Mimi nilikuwa upande wa kulia, wa dereva, na baba alinifundisha hivi: "Shika juu, sukuma kuelekea mbele ya gari mpaka igome." Abuu alikuwa na loki ya kushoto. Hatukuwahi kubadilishana.

Isipokuwa siku moja. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mimi nilikuwa nimevaa raba nyeupe, mpya, ambazo mama alinikataza nisizivae. Tulipofika ukingoni mwa bonde, upande wangu ulikuwa dimbwi na wa Abuu nyasi. Nikamwambia, "Leo wewe nenda kulia. Gari letu hili." Akanitazama, akaingia majini. Mimi nikaenda kushoto, nikashika juu, nikasukuma kuelekea mbele. Iligoma hapo hapo, nikafurahi kwamba nimemaliza kabla yake. Nilipogeuka nyuma nikamkuta Abuu ameinama kwenye tairi la kushoto, nililotoka kulifunga, mkono uko kwenye loki. "Usiguse," nikamfokea, "kila mtu na lake." Akauondoa mkono.

Gari liliteremka vizuri, likafika katikati, likazama. Baba aliongeza moto, tope likaruka mpaka juu ya turubai, walimu wenzake wakasimama ukingoni wakicheka. Akashuka na suruali yake ya kunyooshwa, akapapasa matairi, akakuta loki ya kushoto iko wazi. Akauliza nani alikuwa upande ule. Naapa sikudanganya, niliamini nilichokisema. "Niliifunga, baba. Nilimwona Abuu anaichezea." Baba hakuuliza mara ya pili. "Kuanzia leo mtoto huyu asipande gari langu," alisema, na Abuu akarudishwa Mbagala na mwalimu mwingine. Jumamosi zilizofuata, tukipita dukani, yuko barazani anapima mchele, anamwamkia baba shikamoo kama kawaida, na baba anaitikia kwa kichwa. Sambusa ziliisha. Mimi nilijisifu kwamba nilikuwa sahihi kumchunga miaka yote ile, ila nyuma ya gari palipwaya, na mpaka tunaacha kwenda shamba sikupata wa kumshika.

Siku hizi nawaona vijana wa Tegeta na gari zao ndefu zinazong'aa. Wanaoga, gari linaoga, ndipo wanaenda kulipiga picha kwenye tope. Loki inafungwa kwa kitufe, humo humo ndani, kwenye kiyoyozi. Mtoto wangu alinicheka nilipomweleza kwamba sisi tulikuwa tukishuka. "Kwa hiyo baba, nyie ndio mlikuwa kitufe?" Ndiyo, sisi ndio tulikuwa kitufe.

Basi juzi Abuu akanipigia simu. Miaka zaidi ya thelathini tumekuwa watu wa kusalimiana misibani tu. "Nina Landrova," akasema. "Njoo Jumamosi tukavuke bonde." Nikamuuliza anataka nini. Akacheka tu, na ndipo wasiwasi uliponikaa. Nilipofika nikakuta ni gari la baba, lile lile, na mbonyeo wake mlangoni. Alilikuta, miaka mingi baada ya baba kuachana nalo, limetelekezwa kwenye gereji moja Manzese, akalifufua. Hata tairi la akiba lilikuwa bado na mnyororo na kufuli. Kwa nini mtu anunue gari alilofukuzwa? Njia nzima nilimtazama mikono.

Lami imepita pembeni siku hizi, lakini njia ya zamani bado ipo nyuma ya nyumba mpya, imeachiwa maji. Tukafika ukingoni, tukashuka. Mimi, abiria, upande wangu ni kushoto. Nikashika juu, nikasukuma kuelekea mbele, ikagoma, nikarudi kukaa. Mara namwona Abuu anapita mbele ya boneti, anainama kwenye tairi langu. Nikasema leo nimekukamata. Nikaruka chini.

"Unafanya nini hapo?"

"Narekebisha," akasema, hata hakuinua kichwa. "Umesukuma kwenda mbele. Upande wa baba yako, wa dereva, ndio kwenda mbele, Godi. Huku ni kwenda nyuma. Siku ile ulifanya hivi hivi, nikaja kuirudisha, ukanifokea."

Nilijaribu mwenyewe. Kuelekea mbele ikagoma. Kuelekea nyuma ikazunguka, ikaingia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Gari la baba yako, mtoto wa baba yako. Mie wa dukani, na umeniona nimeishika." Akajifuta tope kwenye suruali. "Sikuleta kesi mie. Nilikuwa sijamaliza tu ile safari. Panda twende."

Tulivuka. Ng'ambo hakuna shamba tena, kuna kuta za matofali na mbwa wanaobweka. Abuu alizima gari akakaa anatazama kuta zile.

Tukarudi moja kwa moja kwa baba. Ni mzee sasa, haoni vizuri, anakaa uani Mbagala akisikiliza redio. Nilimweleza yote, Abuu amesimama pembeni yangu. Baba akazima redio. Akauliza, "Raba zipi?" Nikamwambia nyeupe.

"Shikamoo mwalimu," Abuu akasema.

"Marahaba." Safari hii aliitikia kwa sauti. Hakuomba radhi, na mimi sikutegemea. Aliingiza mkono ndani ya shati, akahangaika na kamba iliyokaa shingoni mwake tangu nikiwa mtoto, akaivua kichwani na ule ufunguo, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Abuu.