Kikapu Kisichopungua

Mama anayeuza mlenda mkavu, ile mboga ya majani ya kuteleza, sokoni Majengo hapimi kwa kopo kama wenzake. Anachota kwa viganja viwili, anatikisa hadi vumbi lidondoke, ndipo anakumiminia mfukoni, na juu yake anaongeza karanga ambazo hukuziomba. Vidole vyake vimeshika rangi ya majani. Anaongea chini chini, mteja lazima ainame ndipo amsikie. Pembeni yake kuna kikapu cha udongo wa kula, ule ambao wanawake, hasa wajawazito, huutamani, na tangu nimjue kikapu hicho kimejaa.

Jana, nikisubiri zamu yangu karibu yake, binti mmoja alimwamkia akaomba udongo. Mama aliitikia marahaba, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akamshusha binti kope ya chini taratibu na kuitazama kwa muda mrefu.

"Damu yako imepungua, mwanangu, ndiyo maana unatamani udongo. Nenda zahanati wakupime, wakupe vidonge vya damu."

"Lakini sina mimba, mama. Ndoa yenyewe mwezi ujao."

"Ndiyo wakati wake. Mtoto anaanza kujengeka wewe mwenyewe hujajua, na anajengwa kwa kile alichokikuta."

Akamjazia mlenda na karanga. Udongo hakuugusa, na binti aliondoka bila kuuulizia tena. Nilikitazama kile kikapu kilichojaa.

"Na wewe nikupe nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimefuata udongo. Nikainama, nikamsogezea jicho.