Maneno Niliyoyaruka Mbele ya Baba

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, likizo ya Agosti mwaka 1957, mama alijifungua mtoto wa kiume nyumbani kwetu Turwa, siku zake zikiwa hazijatimia. Hata hivyo mtoto alikuwa mkubwa, mashavu yamejaa mpaka macho yamezama. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemzalisha. Alimwinua akacheka.

"Huyu amekuja ameshiba," akasema.

Nilimchukia bibi papo hapo, na ninapoandika namchukia bado. Lakini nianze na kosa langu.

Wiki mbili kabla mtoto hajazaliwa niliwasindikiza baba na mama hospitali ya misheni. Mkojo wa mama ulichemshwa na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Sista aliyempima hakujua Kikurya, na Kiswahili cha wazazi wangu kilikuwa cha mnadani tu, basi mimi mwenye sekondari nikatafsiri. Sista alisema mtoto wa mama wa namna hii huzaliwa mkubwa lakini hana nguvu. Tumboni amezoea sukari nyingi ya mama. Kitovu kikishakatwa, sukari yake hushuka ghafla. Akikaa na njaa atatetemeka, atazimia, hata kufa. Mama arudi kujifungulia hospitali. Uchungu ukimkuta nyumbani, mtoto anyonye saa ile ile ya kwanza, maziwa yale ya kwanza ya njano, na asiachwe alale muda mrefu bila kunyonya.

Habari ya sukari na ya kurudi niliitafsiri. Ya kunyonya niliiruka. Baba alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, na kwetu msichana hataji ziwa la mama yake mbele ya baba. Nilijiambia nitamweleza mama tukiwa wawili. Siku zikapita, sikumweleza. Niliona haya.

Sasa bibi akayakamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga chini. Aliyaita usaha. Ilipofika saa sita mtoto alikuwa anatetemeka mikono na kidevu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Bibi akasema ni baridi, akamfunga blanketi la pili. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba anyonye.

"Wewe umezaa wangapi?" akaniuliza. Majirani wawili waliokuja kumsaidia wakacheka. Mama alikuwa amechoka, hata kugeuka hawezi.

Nilitoka mpaka zizini kwa baba. Nilisema nikitazama kwato za ng'ombe.

"Baba, mtoto anakufa. Sista alisema anyonye ziwa la mama upesi. Sikutafsiri kwa sababu ulikuwapo."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akaenda akasimama nje ya mlango, maana ndani haingii mwanamume, akamwambia bibi:

"Mama, mtoto apewe ziwa. Wewe toka humo."

Bibi alitoka akiniita msichana asiye na adabu. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya, nikamkamua mama kwenye kijiko, nikamnywesha mtoto tone kwa tone, mikono yangu ikiona aibu lakini ikiendelea. Saa tisa kutetemeka kulikoma, akashika ziwa mwenyewe. Jioni bibi aliwaambia majirani kwamba lile blanketi ndilo lililomponya.

Asubuhi iliyofuata baba alimpakia mama kwenye baiskeli kwenda hospitali, mimi nikambeba mtoto. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, ameinua uso akingoja nimwamkie. Nilimpita bila shikamoo.