Jiwe Letu Linatazamwa Same

Mzungu wa mawe alipofika Suji, mimi nilikuwa mke mpya, bado naona haya kula mbele ya mama mkwe. Alikuja na karani na wapagazi, akagongagonga miamba kwa nyundo ndogo, hili akalitia mfukoni, lile akalitupa. Kwenye shamba letu la maharage akasimama mbele ya jiwe ambalo mama mkwe alinolea panga. Lilikuwa na punje nyekundu kama macho ya njiwa. Akaomba kipande, karani akatafsiri, na mama akakubali, kama mtu anavyomkubalia mgeni maji. Mzungu akavunja karibu nusu, akaifunga kwa gazeti, akashukuru, akaenda zake.

Baadaye jirani aliyetoka Same akatuambia jiwe letu liko huko, katika chumba karibu na boma, limewekwa rafuni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kulitazama.

"Yeyote?" mama akauliza. "Hata asiyemjua mwenye shamba?"

Jambo lile likamsumbua. Kama jiwe lina thamani, mbona halikufungiwa? Na kama halina, mbona wamelibeba kuteremka nalo mlima mzima? Mimi niliyesoma misheni ndiye niliyetakiwa kujibu. Wengine walisema serikali inatafuta dhahabu ili itufukuze milimani. Mume wangu alisema Wazungu wana mambo yao tu.

Mwishowe mama akasema twende. Tukateremka hadi Makanya, tukapanda treni. Chumba tulikikuta wazi. Mawe yamepangwa kwenye mbao, kila moja na karatasi yake, na karani yule yule amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jiwe langu liko wapi?"

Akalitoa, akampa mkononi. Mama akapapasa pale palipolainishwa na panga. Nami nikasoma karatasi: Suji, shambani, juu ya mto. Kulikuwa na neno la Kiingereza nisilolijua. Jina la mama halikuwapo.

"Haya, nalichukua."

"Hapana, mama. Lishike, litazame, na kesho uje tena. Ila kulichukua huwezi. Ni la watu wote."

"Kwani mimi si mtu?"

"Ni mtu, mama."

"Basi ni langu."

"Ni lako na la wenzako. Linatunzwa, ili hata watakaozaliwa waje wajue milima hii imeumbwa kwa kitu gani."

"Kwani hawawezi kuja Suji wakaiona milima yenyewe?"

Karani akacheka. Akanitazama kana kwamba ningemsaidia. Mimi nilimwona mama ana haki, na karani naye nilimwona ana haki, na kichwa kikaniuma.

Tangu siku hiyo mama akawa hashuki Same bila kupita pale. Mara moja alimpeleka dada yake, akamshikisha jiwe. Sikujua kama amekubali, au analichunga.

Kisha tukakuta chumba kitupu. Askari wa boma akasema mawe yamehamishiwa Dodoma, kwenye nyumba kubwa ya serikali ya kutunzia mawe, na huko pia ni ruhusa kwa wote.

"Dodoma ni upande gani?" mama akauliza.

Akatuonyesha kwa mkono. Tukatazama, tukaona kilima tu.

Mume wangu alipopata kazi ya udereva wa lori huko, nilimfuata, na siku moja nikaenda kuuliza. Hawakunizuia. Mhudumu akavuta droo, akanipa jiwe la Suji. Punje nyekundu zilikuwapo. Nikatafuta kwa kidole pale palipolainika; nikadhani nimepapata, halafu nikadhani sivyo. Karatasi ilikuwa mpya, imepigwa taipu.

"Ndilo hili?"

"Karatasi inasema ndilo."

Niliporudi Suji, mama alikuwa akipukuchua maharage.

"Umeliona?"

"Nimeona jiwe, mama."

"Huko mvua inanyesha?"

"Kidogo sana."

"Basi halitaota kuvu," akasema, akaendelea kupukuchua. Nikakaa kumsaidia, nisijue kama ameridhika.