Mto wa Kiti cha Nyuma

Mtoto wetu wa kwanza nilimzalia kando ya barabara, gizani, nikienda materniti kwa miguu, naye hakulia. Ndiyo maana nilipobeba mimba ya pili, mume wangu, fundi wa mashine mgodini, alinunua pikipiki kuukuu. Kiti cha nyuma kilikuwa chuma kitupu. Akanishonea mto wa gunia, akaufunga kwa waya wa shaba. Kamba nzuri ilikuwa kitu cha kutafuta mjini Élisabethville. Shaba ilizagaa kila ua.

Basi taa ikaanza kutusumbua. Injini inanguruma vizuri, ila fyuzi inaungua, dinamo haiichaji tena betri, na taa inazimika. Mume wangu akasafisha vichwa vya betri, akafungua dinamo, akabadilisha fyuzi. Akizunguka mtaa peke yake, taa inawaka. Nikipanda mimi, inakufa. Majirani walitania kwamba mtoto huyu hapendi mwanga. Mimi sikucheka. Tumbo lilikuwa limeshashuka, na ile barabara niliiogopa kuliko uchungu wenyewe.

Jumamosi moja akakata kipande cha waya wa shaba akiweke mahali pa fyuzi, kama wanaume wote wa kambi ya mgodi. Nikamwambia fyuzi inayoungua kila mara ina kitu inachokataa, na ukiiziba mdomo utaunguza pikipiki nzima pamoja na mimi. Alinuna. Hakuwa mtu wa kuambiwa. Halafu akatupa kile kipande, akaweka fyuzi mpya, akaufungua mto.

“Panda, mama.”

Nikakaa juu ya chuma. Taa ikawaka, na haikuzimika.

Waya aliofungia mto ulikuwa umekata mpira wa waya wa dinamo chini ya kiti. Uzito wangu ulikuwa ukizigandamiza nyaya hizo mbili kwenye chuma, moto wa umeme unapotea, fyuzi inaungua. Alikaa chini, mto mapajani, na nilimhurumia sana.

“Kumbe ni miye njo nilikuwa nazimisha taa,” akasema.

Nilimwomba aufunge tena, kwa kamba safari hii. Akakataa katakata. Hakutaka kitu chochote kifungwe pale mpaka mtoto azaliwe.

Uchungu ulianza jua likizama. Kila shimo la barabara lilinipiga mgongoni kupitia kile chuma. Nilimtukana njia nzima, naye akikaza macho kwenye mwanga uliotutangulia. Binti yetu alilia materniti kabla injini haijapoa.